Tia Kidole Kabla ya Kutia Maji



Ijumaa hii tuzungumze habari za maua ya makopo. Ukipita vijiji vya Pemba, kutoka Mkoani hadi Konde, utayaona kando ya milango na juu ya kingo za baraza: kopo la mafuta lililotobolewa chini, ndoo iliyokatika mkono, beseni lililovuja, sufuria isiyofaa tena jikoni. Ndani yake mna mrihani, au mwasumini, au mwaridi. Maua haya kwetu si pambo tupu. Ndiyo yanayofungwa kikuba cha bibi harusi, na asumini huchumwa jioni zikiwa matumba ili zifunguke usiku kichwani mwa aliyezivaa. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba anayepewa mrihani asiukatae, kwa kuwa ni mwepesi kubebwa na harufu yake ni njema. Dini iliyojali hata adabu ya kupokea kijiti cha mrihani haitaona haya kuzungumza juu ya kopo lililo mlangoni.

Swali ninaloulizwa sana na kina mama kuhusu makopo haya ni moja: mbona mmea umejaa majani na hautoi ua? Mama mmoja wa Wete alinijia nalo baada ya darsa la alasiri. Nduguye aliyeolewa Lushoto alikuwa amemletea jeraniamu, ua la majani ya mviringo yenye harufu kali, linalotoa vishada vyekundu au vya rangi ya waridi.

"Mwalimu, majani yamefunika kopo zima. Ua hata moja. Kule Lushoto kwa mdogo wangu linachanua mwaka mzima."

"Unalitiaje maji, mama?"

"Asubuhi na jioni, kama mrihani. Sikulisahau hata siku moja, wallahi."

Jibu lake limekaa nami. Hakuwa mvivu wala hakupuuza. Alichokifanya kwa mapenzi kila siku ndicho kilichokuwa kinalinyima lile jeraniamu nafasi ya kutoa ua.

Jeraniamu asili yake ni kusini mwa Afrika, nchi zenye miezi mirefu ya ukavu, na shina lake nene limeumbwa liweke akiba ya maji. Lilifikishwa Ulaya katika karne ya 17, na leo huwezi kupita mitaa ya kule wakati wa kiangazi usilione madirishani. Lushoto hulipa usiku wa baridi linaoupenda. Pemba yetu ina joto na unyevu hata usiku wa manane, tena hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Mmea wa nchi kavu ukitiwa maji mara mbili kwa siku mahali kama hapa, ukiweza kuishi tu ushukuriwe.

Nasi tuna yetu yaliyokwenda ugenini. Mwaka 1882 Joseph Hooker, bingwa wa mimea wa Uingereza, alilisajili ua moja laini lililotoka pwani hii akalipa jina la Sultani wa Zanzibar. Miaka kumi baadaye, mwaka 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya upande wa Tanga, alichukua kule ua dogo la zambarau akampelekea baba yake Ujerumani. Maua yote mawili sasa yamejaa vyunguni Ulaya na Marekani. Lile la Sultani hunywa maji mengi, na likikosa siku moja hulala chini. Lile la Tanga lilikuwa likiota kwenye miamba yenye kivuli, kwa hiyo jua kali huliunguza na matone ya maji baridi yakikaa juu ya majani huacha madoa. Mtu akiyaweka haya mawili na jeraniamu kwenye dirisha moja na kuyahudumia kwa kipimo kimoja, ataua mawili na kulijaza la tatu majani. Kabla ya kuuliza mmea unataka maji kiasi gani, uliza umetoka wapi.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa.

Mizizi hupumua. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo za hewa. Maji yakizijaza yakakaa, mizizi hukosa pumzi na kuoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya. Mmea umesimama ndani ya maji na unanyauka kwa kiu. Majani hugeuka manjano, vishina hulegea. Mwenye kopo akipita asubuhi anasema, "Maskini, limekauka hili," anachota kata nzima analimwagia. Jioni limezidi kulegea, anaongeza kata ya pili. Mmea uliozama na mmea uliokauka, kwa anayetazama kutoka mlangoni, sura yao ni moja.

Njia ya kuitenganisha ni rahisi na haina gharama. Tia kidole katika udongo, kizame hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukihisi ukavu, tia maji taratibu mpaka yatokee kwenye matundu ya chini, kisha liache mpaka kidole kikwambie tena. Kwa jeraniamu unangoja udongo ukauke vizuri. Kwa asumini hungoji sana, ila hata asumini haitaki kuogelea. Na kama kopo halina matundu, kazi ya kwanza ni msumari na nyundo.

Naona watu wetu wengi wanazama na sisi tunawaongezea maji.

Mtoto yuko Maskati, au Dar es Salaam, au Unguja mjini. Kila mwezi fedha inaingia kwenye simu ya mama yake, naye hakosi. Akipiga simu anasikia sauti ya mama imedhoofika. Anafikiri, "Mama ana dhiki," na mwezi ujao anaongeza. Sauti inazidi kudhoofika. Anatuma friji. Mama huyo hana kiu ya fedha. Chakula anacho, dawa anazo, na friji imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Hana mtu wa kukaa naye barazani baada ya Isha akamsikiliza akisimulia habari za marehemu baba yao. Mtoto anampenda mama yake, sina shaka na hilo hata kidogo, na thawabu za matumizi anayoyatoa ziko kwa Mola wake. Lakini mapenzi yake hayajatia kidole. Hajauliza akanyamaza akangoja jibu.

Wapo pia waliokauka kweli kweli, nasi tukawapa mawaidha mahali pa unga. Huko nako ni kukosa kutia kidole.

Na tazameni tunavyowatendea wafiwa. Siku tatu za msiba nyumba haina pa kukanyaga. Masufuria ya wali yanaingia kwa mlango wa uani, majamvi yanatandikwa mpaka njiani, wanawake wanamzunguka mjane usiku na mchana. Hayo ni mema na tusiyaache. Lakini Qur'ani, katika Surat Al-Baqara aya ya 234, imempangia mjane eda ya miezi minne na siku kumi. Nani anafika mwezi wa pili? Nani anafika siku ambayo fundi wa paa hajaja, mvua ya masika inavuja juu ya kitanda, naye hawezi kutoka kwenda kumtafuta? Kopo likimwagiwa ndoo nzima siku ya kwanza kisha likaachwa wiki sita, maji yote yalikwisha kutoka kwa chini siku ile ile. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mola ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Sahani moja ya mihogo kila Alhamisi kwa miezi minne na siku kumi, mimi naiona ni nzito kuliko ng'ombe wa siku ya tatu.

Mwenyezi Mungu mwenyewe, ambaye hazina zake hazipungui, ametueleza jinsi anavyotoa. Katika Surat Al-Muuminun aya ya 18 ametaja kwamba maji ya mbinguni huyateremsha kwa kipimo, kisha huyatuliza ardhini. Katika Surat Ash-Shura aya ya 27 ametaja kwamba lau angewakunjulia waja wake riziki bila ya kiasi wangepindukia mipaka katika ardhi, lakini huteremsha kwa kiasi akitakacho, kwa kuwa anawajua na anawaona. Anayetaka kuzisoma aya hizi kwa Kiswahili afungue tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, asome pia aya zilizotangulia na zinazofuata. Kipimo na kuona vimewekwa pamoja. Anayepima bila ya kuona ni bahili tu, na anayetoa bila ya kuona ni mfujaji.

Mtume wetu alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, kama alivyopokea Anas katika Bukhari na Muslim. Wengine kati yetu huacha bomba linamwagika tangu kunawa mikono hadi kuosha miguu, kisha tukimaliza tunachota ndoo kulizamisha kopo la asumini.

Hata ibada ina kipimo pale ambapo haki ya mtu mwingine inakauka pembeni. Sahaba Salman alimtembelea ndugu yake katika dini, Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha, hana hata hamu ya kujipamba, kwa kuwa mume kutwa amefunga na usiku kucha amesimama. Salman hakumpongeza. Alimlazimisha ale, akamlazimisha alale sehemu ya usiku, akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Mimi nikikisoma humtazama Salman zaidi: aliingia nyumba ya watu, akatazama kabla ya kusema, akaona nani anazama na nani anakauka chini ya paa moja.

Baada ya maji ni jua. Asumini hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Ukiliweka kopo chini ya muembe kwa kulionea huruma, litarefuka vijiti likiutafuta mwanga, na ua halitakuja. Jeraniamu hapa kwetu lipewe jua la asubuhi upande wa mashariki wa nyumba, kisha kivuli kuanzia mchana, kwa kuwa joto likizidi sana huacha kuchanua. Matumaini yake makubwa ni wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapopunguza joto la usiku. Mama wa Wete nilimwambia hivyo: lihamishe, lipunguzie maji, ulingoje mpaka kipupwe. Na kuna vijana hawana ugonjwa wowote, wamewekwa tu upande wa nyumba usiofikwa na jua. Kijana mwenye mikono ya ufundi wa mashua amefungiwa kwenye masomo aliyoyachagua mjomba wake. Mhamishe kwanza, ndipo umlaumu.

Samadi nayo ina hatari yake. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, kwa hiyo iache ioze miezi kadhaa. Mbolea ya yurea ni naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Ndiyo maana kopo lililonyunyiziwa yurea iliyobaki shambani hunawiri kijani hadi wapita njia wakasimama, na ua lisionekane. Kinachosaidia ua zaidi ni potasiamu. Majivu ya kuni yana potasiamu, lakini kidogo tu, kijiko kwa kopo, na usirudie mpaka ipite miezi, kwa kuwa yakizidi huharibu udongo kwa namna nyingine. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake ndani ya kopo hushikana kama tofali, basi uchanganye na mboji, mchanga usio wa pwani, na unga wa makumbi unaobaki kwa wasokota kamba. Wanaoishi Micheweni na sehemu za pwani ambako visima vina munyu wakinge maji ya mvua, kwani chumvi hujikusanya ndani ya kopo na haina pa kwenda. Na msikimbilie kopo kubwa. Jeraniamu huchanua vyema mizizi ikiwa imebanana kidogo, na ukilipa pipa litajaza pipa mizizi na majani kwanza.

Watoto wetu tumewatia yurea. Asubuhi skuli, mchana chuoni, jioni tuisheni, usiku kazi za nyumbani. Majani ni mengi: vyeti, sare mbili, mikoba miwili. Elimu ni faradhi na sitasema neno la kuipunguza. Nasema kwamba mtoto wa miaka tisa asiyepata muda wa kwenda ufukweni na wenzake, wala wa kumsaidia bibi yake kuchambua mchicha, amelishwa jambo moja kupita kiasi, na tabia njema, ambayo ndiyo ua la elimu yote, huenda ikachelewa.

Kazi inayoogopwa kuliko zote ni kukata. Kwenye mlima wa Jabal Akhdar kule Oman, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, mawaridi hupita kwanza kwenye baridi kali, kisha huchanua baina ya Machi na Mei, yakachumwa na kutolewa yale maji ya waridi ambayo jamaa zetu hutuletea kwa ajili ya mirashi ya maulidi. Pemba haina baridi ya kuulaza mwaridi. Kisu ndicho kinachofanya kazi ya baridi. Ukate mwaridi wako vijiti vikavu, na virefu uvifupishe, nao utaanza upya. Asumini hutoa matumba kwenye ncha za vijiti vipya, kwa hiyo mti usiokatwa unazeeka na ncha chache. Ukimaliza mkupuo mmoja wa maua, kata. Jeraniamu nalo, kishada kikinyauka, kivunje tangu chini ya kikonyo chake. Ua likiachwa litunge mbegu, mmea huona umemaliza kazi yake na kupumzika.

Nimewajua watu walioacha ua moja likaukie kichwani. Mtu alisoma vizuri ujanani, akasifiwa msikiti mzima, na miaka thelathini baadaye bado anakula sifa ile, hajafungua kitabu kipya. Mwengine alitoa sadaka kubwa mwaka wa neema ya karafuu, na tangu hapo kila mchango ukipita anaikumbusha. Amali ikishakubaliwa na Mola haihitaji kuachwa shinani kwa maonyesho. Ivunje kwa kuisahau, upate nafasi ya nyingine. Na vijiti ulivyovikata usivitupe vyote: kijiti kizima cha urefu wa kidole cha kati, majani ya chini yakiondolewa, hushika mizizi kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Jirani asiye na asumini anakaa wapi? Anas amepokea kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala ndege au mtu au mnyama, humhesabikia kuwa ni sadaka.

Hadi hapa nimesema kana kwamba kila mmea lazima uchanue, na asiyechanua ana kasoro ya matunzo. Sitaki mtu aondoke na neno hilo, kwa sababu wamo kati yetu watakaoumizwa nalo.

Kuna mashamba Kenya, Uganda na Ethiopia yanayokuza jeraniamu kwa wingi, na humo mmea mama huzuiwa usichanue. Tumba likitokea huondolewa. Nguvu yake yote hutakiwa iende kwenye vichipukizi, vinavyokatwa, vikapakiwa kwenye ndege vikiwa havina hata mizizi, vikapelekwa Ulaya wakati wa baridi ili viote na kuchanua madirishani kule majira ya joto yakifika. Mmea mama hauoni hata ua moja, na madirisha ya nchi nzima yamejaa maua yake.

Na sisi watu wa Pemba tunahitaji kwenda mbali? Karafuu ni nini? Ni tumba la ua. Huchumwa lingali limefumba, linapoanza kupiga wekundu, na likiisha kufunguka thamani yake imeondoka. Tufani ya mwaka 1872 iliposomba mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki kimekuwa ndicho mama wa karafuu za Zanzibar. Skuli tulizosomea, mabati yaliyoezeka nyumba zetu, mahari yaliyotuoza, vyote vimepitia kwenye maua ambayo hayakufunguka. Hakuna Mpemba anayesimama chini ya mkarafuu akausikitikia kwamba matumba yake hayakuchanua.

Basi kwa nini tunamsikitikia mwanamke ambaye hakujaaliwa mtoto, tena mbele ya uso wake, arusini, na vijembe juu? Bibi Aisha, Mama wa Waumini, hakuzaa. Umma mzima umejifunza dini kwake, na mimi hapo juu nimeitaja hadithi aliyoipokea yeye. Wako shangazi zetu waliolea watoto wa ndugu zao wanne na watano, wakawasomesha, wakawaoza, na siku ya harusi wakawekwa jikoni huku mwingine akikaa mbele kwa jina la mama. Wako walimu wa chuo waliofundisha alifu kwa kijiti na ubao vizazi vitatu, na wanafunzi wao wakapanda mimbari kubwa, wao wakabaki kwenye mkeka ule ule. Usiwatilie maji ya huruma. Hawajakauka. Wape heshima yao na nafasi yao ya mbele.

Najua itaulizwa: nitajuaje kuwa huyu amezama, huyu amekauka, na huyu ni mkarafuu? Hutajua kutoka mlangoni. Utajua kwa kukaa naye, na kukaa kunataka muda, na muda ndio tunaoufanyia ubahili siku hizi kuliko fedha. Mama wa Wete alilitia jeraniamu lake maji mara mbili kila siku, na kila mara alitumia dakika moja. Laiti angetumia dakika moja kwa siku tatu kutia kidole na kuondoka bila ya kumwaga kitu, angelisaidia zaidi.

Naomba basi, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu amchague mtu mmoja anayemhudumia: mzazi, mke, mume, mtoto aliye dahalia, mjane wa jirani. Mwendee, au mpigie simu, bila ya kumpelekea kitu. Muulize hali yake, umwache aseme mpaka amalize, usimkatize kwa nasaha wala kwa ahadi. Ukitoka hapo ndipo uamue umpe nini. Na makopo yenu yakaguliwe leo baada ya Swala: yasiyokuwa na matundu yatobolewe, yaliyo chini ya miembe yatolewe juani, na asumini iliyozeeka ikatwe sasa, isingoje mvua ya vuli.